Nilisema Niliita

Mikono ya Nahodha ilikuwa kichwani mwangu, na mimi nilikuwa naogopa hata kumeza mate.

"Legeza shingo," alisema. "Umejikaza kama mtu anayesubiri kung'olewa jino."

Nikalegeza. Ikajikaza tena yenyewe.

"Hebu muone! Kama kwenye kiti cha saluni tu uko hivi, kesho mbele ya wazee itakuwaje?"

Kesho. Kesho mchumba wangu alikuwa anipeleke kwao rasmi, nikae sebuleni mbele ya mama yake na wajomba zake, tarehe itajwe. Na mwenye mikono hii ni dada yake, wa tumbo moja. Alishaapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayenisuka kwa siku hiyo. "Uende kwa msusi wa barabarani na mimi nipo? Thubutu!" Nani angembishia? Hata zamani uwanjani hakuna aliyembishia. Ndiyo maana mpaka leo, pamoja na kuwa na saluni yake yenye kibao mlangoni, mji mzima unamwita Nahodha.

Mchumba wangu alikuwa bado amesimama mlangoni. Yeye ni fundi, anatengeneza mashine za kushonea. Tulikutana upya mwaka juzi, cherehani ninayoshonea sare za wauguzi ilipoanza kukata uzi. Alikaa nayo siku nzima, akafungua skrubu moja moja, ananiuliza maswali, mimi najibu kwa kutikisa kichwa. Baadaye sana ndiyo alikiri kwamba ile ilikuwa kazi ya dakika kumi.

"Dada, usimvute sana," alisema. "Ninaye huyo huyo mmoja."

"Toka hapa, Fundi. Unaniletea joto."

"Saa saba nakuja na mama. Anataka kuona mtindo kabla hujamaliza, usije ukamfanyia yale uliyomfanyia binamu."

"Binamu ana kichwa cha pembe nne. Kosa langu ni lipi?"

Akacheka, halafu akanitazama kwenye kioo. Macho yake ni ya polepole. Yakikufikia hayana haraka ya kuondoka. Nikahisi uso unanichemka, nikainamia kitambaa nilichofungwa shingoni. Nilimpenda yule mtu mpaka nilikuwa naogopa kumwangalia, kwa sababu kila nikimwangalia nilikumbuka kwamba hanijui. Ananijua jina, ananijua nyumbani, anajua sipendi chai ya moto. Lakini jambo moja halijui, na hilo moja ndilo lililonifanya nisilale wiki nzima.

Mara tatu nilianza kumwambia. Mara zote tatu nikaishia kumuuliza kama ameshakula.

Alipoondoka tulibaki wawili. Nahodha akajivuta kwenye stuli yake ndefu, akaupeleka mguu wa kulia mbele, umenyooka kama ufagio ulioegemezwa ukutani. Goti lile halikunji. Anasuka kwa kuinama pembeni, na kila baada ya mistari miwili anaushika mgongo wake kwa mkono mmoja na kuvuta pumzi. Ukikaa kwenye kiti chake, ile pumzi unaisikia sikioni.

"Unajua jana nimekutana na nani sokoni?" aliuliza. "Twiga."

"Twiga wetu?"

"Twiga wetu. Kanenepa, shingo imeingia ndani. Nikamwambia, mama, sasa wewe ni kobe."

Nikacheka bila kutaka. Twiga alikuwa mfungaji wetu.

"Tukasimama pale tunakumbushana, watu wanatupita. Ananiuliza, unakumbuka sketi? Nikamwambia zile nitazikumbuka hata kaburini."

Nani angezisahau? Shule yetu haikuwa na hela ya jezi, kwa hiyo mwalimu wa michezo akachukua mapazia ya zamani ya ofisi, yale ya maua makubwa ya njano, akatushonea sketi saba. Tulikuwa saba kamili, hatuna wa akiba. Mmoja akiugua tunacheza sita. Popote tulipokwenda kucheza netiboli, kabla hatujashuka kwenye gari tunasikia, "Mapazia hao! Mapazia wamefika, fungueni madirisha!" Mechi yetu ya kwanza tulifungwa thelathini na moja kwa mbili. Na katika hizo mbili, moja walijifunga wao wenyewe kwa makosa.

"Mapazia," Nahodha alisema, akicheka peke yake. "Tulikuwa wabovu, Kimya. Wabovu wa kutisha."

Kimya ni mimi. Jina alinipa yeye, siku ya kwanza ya mazoezi, aliponiuliza natoka darasa gani nikamwonyesha kwa vidole.

"Lakini nyumbani hawakutuweza," nikasema.

"Nyumbani! Nyumbani walikuwa wanauogopa mtaro."

Chini ya kile kitambaa nikaanza kukunja na kukunjua pindo la gauni.

Uwanja wetu ulikuwa umebanwa kati ya madarasa na mtaro wa maji ya mvua. Mtaro wa kina cha kiuno, umejengwa kwa mawe, hauna kifuniko, hatua mbili tu kutoka kwenye mstari. Wageni walikuwa hawathubutu kuusogelea upande ule. Sisi tulikuwa na sheria yetu, aliyoitunga Nahodha mwenyewe: mtu akirudi kinyumenyume kuufuata mpira, aliyeuona mtaro mbele yake lazima aite. "Mtaro!" Kwa sauti yote. Haijalishi una mpira, haijalishi unafungwa, unaita. Na anayeitwa anasimama hapo hapo, hageuki kuangalia. Tulifanya mazoezi ya kuita kama wengine wanavyofanya mazoezi ya kukimbia. Mimi nisiyeweza kuomba chumvi mezani, jioni nilikuwa nasimama uwanjani napiga kelele mpaka walinzi wa shule wanatoka.

"Mama anakupenda sana," Nahodha alisema ghafla. "Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kaka alipomtajia kwamba anataka kuoa, mama alinuna siku mbili. Alitaka yule mtoto wa rafiki yake, mwenye duka la dawa. Akasema huyu mshona sare tumjue wapi? Kaka akamwambia, mama, ni Kimya. Yule wa Mapazia." Akagawa nywele kwa ncha ya kitana, taratibu, kutoka utosini mpaka kisogoni. "Mama akaacha kununa palepale. Akasema, yule mtoto aliyemwita mwenzake? Huyo mlete hata leo."

Nilijiona kwenye kioo, midomo imekauka, nikaona na yeye ananiona.

"Nimekuumiza?"

"Hapana."

"Mbona machozi?"

"Nywele za mbele. Zinauma kidogo."

Akalegeza mkono. Kule kulegeza mkono ndiko kulikoniumiza.

Nilisema niliita. Ni neno moja tu: "Niliita." Nililisema jioni ile kwenye benchi la zahanati, mama yake alipotoka chumba cha ndani na kanga ina damu, akatusimamia sisi sita na sketi zetu za maua, akauliza, "Hakuna aliyemwita? Sita nyinyi, hakuna aliyemwita mwanangu?" Wenzangu wote wakageuka kuniangalia, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeuelekea mtaro, na katika zile kelele za watazamaji hakuna aliyejua kama niliita. Nikafungua mdomo, likatoka. Mama akanikumbatia. Halafu akarudi ndani, na kupitia mlangoni nikamsikia akimwambia mtoto aliyelala pale goti limepasuka, "Uliitwa, mwanangu. Uliitwa ukaziba masikio. Kiburi cha mpira hicho."

"Sasa ngoja nikupe habari," Nahodha alisema. "Mkuu wa shule amekuja hapa juzi, kakaa hicho kiti ulichokaa. Anataka nikafundishe wasichana. Wana timu tena."

"Kweli?" Kwa mara ya kwanza siku ile nikasahau hofu. "Nahodha! Umekubali?"

"Nimekataa."

"Kwa nini? Goti?"

"Goti gani, kufundisha si kwa mdomo? Nilimwambia sina nafasi." Vidole vikaendelea kupishana, kimoja juu kimoja chini. "Lakini wewe nitakwambia. Kimya, mimi sikusikia. Ulikuwa umbali kama kutoka hapa mpaka kwenye lile geti, unaniita kwa sauti yote, na mimi sikusikia kabisa. Miaka tisa sasa. Nimelala usiku naitafuta sauti yako kichwani, nasikia filimbi, nasikia Twiga anahema, nasikia mpaka viatu vyangu. Sauti yako siipati. Nilikwenda kupima masikio, unajua? Daktari akasema hayana tatizo. Kwa hiyo tatizo ni mimi. Goti likiuma, mama ananiambia ungesikia ulipoitwa. Na ana haki. Mtu asiyesikia akiitwa, nani atampa mwanawe amlindie?"

Aliyasema kama mtu anayesoma bei za kusuka. Hakulia, hakunung'unika. Ndivyo alivyokuwa ameyazoea.

Niliwaza, nyamaza. Kesho inapita, tarehe inatajwa, unaolewa, unamfanyia mema mpaka mwisho wa maisha yako. Niliwaza, ukisema leo, kesho haipo. Nikayaona macho ya Fundi yakiondoka kwangu, safari hii kwa haraka.

"Sikuita," nikasema.

Vidole vikasimama.

"Unasemaje?"

"Siku ile. Sikukuita, Nahodha. Nilikuona unarudi nyuma, niliuona mtaro. Nilikuona mpaka unatumbukia. Sikuita."

Nje pikipiki ilipita, ikaenda mpaka mlio wake ukaisha. Alikuwa ameshika fungu la nywele karibu na utosi, na hakuliachia. Wala hakulivuta. Alilishika tu, na mimi nikasikia ngumi yake inavyojaa.

"Rudia."

"Sikuita."

"Ulisema uliita."

"Nilidanganya."

"Mbele ya mama yangu."

"Ndiyo."

"Nikiwa nimelala pale." Sauti yake ilishuka, ikawa ndogo, na ile sauti ndogo ilinitisha kuliko angepiga kelele. "Kwa nini hukuita? Ulikuwa hutaki nikae na unahodha? Nilikukosea nini mimi?"

"Hapana! Hapana, dada. Kipindi cha kwanza niliita mara mbili, unakumbuka? Wale wageni wakaanza kuniigiza. Mapumziko wakawa wanapita wanafanya 'mtarooo', kama mbuzi. Watu wote wakacheka."

"Wakacheka. Kwa hiyo?"

"Na yeye alicheka."

"Nani?"

Nikatazama mlangoni, pale alipokuwa amesimama Fundi.

"Nani, Kimya?"

"Kaka yako. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro na rafiki zake. Nilikuwa... nilikuwa nimeanza kumpenda. Hata hakuwa ananijua. Kipindi cha pili uliporudi nyuma, yeye alikuwa palepale nyuma yako, ananiangalia. Nikasema nikiita atacheka tena. Niliwaza hivyo tu, sekunde moja. Nilipotaka kuita, ulikuwa umeshaanguka."

Nikafumba macho. Nilisubiri kofi. Nilisubiri kuvutwa nywele, nilisubiri kusukumwa barabarani. Nilichosikia ni kicheko, kikavu, kimoja, kama mtu aliyekabwa.

"Yaani goti langu," Nahodha alisema, "limekwenda kwa ajili ya yule? Siku ile alikuwa amevaa suruali ya baba, kaifunga kwa kamba! Ulimwona vizuri?"

"Nilimwona."

"Na bado?"

"Na bado."

Akacheka tena, na katikati ya kile kicheko akaanza kulia. Nilimwona kwenye kioo. Alilia mdomo wazi kama mtoto, mkono mmoja umeshika nywele zangu na mwingine umeshika goti.

"Nilijiona nina wazimu," alisema. "Unaelewa? Si mguu. Mguu ni mguu, watu wanaishi. Nilijiona mimi ni mtu ambaye akiitwa hasikii. Nimekataa watoto wa watu kwa sababu ya neno lako moja. Ungekuja hata mwaka uliofuata. Hata mwaka jana! Umekuja kwangu Sikukuu, umekula, umeniosha vyombo!"

Nikajifungua kile kitambaa, nikasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nitampigia Fundi nimwambie mwenyewe. Asije na mama. Kesho isiwepo."

"Utapita mjini na hicho kichwa?"

Nikajitazama. Upande wa kushoto mistari imelala, myembamba, mizuri. Upande wa kulia nywele zimesimama zote kama nimepigwa na umeme.

"Nitajifunika."

"Keti."

"Dada, niache tu niende."

"Nimesema keti!" Ile ilikuwa sauti ya uwanjani, na mwili wangu ukaitii kabla yangu. "Kukukasirikia nitakukasirikia huku nasuka. Sijawahi kumtoa mteja nusu, na sitaanza na wewe."

Alisuka. Mungu wangu, alisuka. Kila mstari niliusikia mpaka kwenye meno. Hakuniuliza kama naumia, na mimi sikusema. Alipuliza pua kwa ncha ya kanga yake, akaendelea.

"Sijakusamehe," alisema baada ya muda.

"Najua."

"Usiseme unajua. Hujui kitu."

Nikanyamaza.

"Na usinyamaze pia. Umenyamaza kutosha."

"Niseme nini?"

"Sijui. Sema unaogopa."

"Naogopa," nikasema. "Naogopa mpaka sioni vizuri. Namwogopa mama yako. Naogopa Fundi ataniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Ataniacha?"

Nilitaka aseme hapana. Mtu yeyote angesema hapana. Nahodha akafunga ncha ya mstari, akaukata uzi kwa meno.

"Anaweza," alisema. "Mimi sikai ndani ya moyo wake. Utamuuliza mwenyewe."

Hapo tukasikia viatu kwenye ngazi, na sauti ya mama yao inatangulia mbele ya mwili wake kama kawaida. "Huyu fundi ananipeleka mbio utafikiri tunawahi treni! Hodi humu ndani! Yuko wapi binti yangu?"

Mlango ukafunguka, mama akaingia anahema, uso umejaa furaha, na nyuma yake Fundi, shati limetiwa doa la mafuta ya mashine kwenye mfuko. Wakanitazama wote wawili. Mama akapiga makofi.

"Ohoo! Muone alivyopendeza! Amelia? Mmemfanya nini huyu?" Akanishika kidevu, akaninyanyua uso. "Usilie, mwanangu. Kwetu kesho hakuna wa kukutisha. Wewe kwangu ni mtoto tangu siku ile."

Nilimtazama Fundi juu ya bega la mama. Alikuwa ameacha kutabasamu. Macho yake yalikwenda kwa dada yake, yakarudi kwangu, yakabaki.

Mama akageuka kwa Nahodha, aliyekuwa anashuka kwenye stuli kwa kujishikilia meza. "Na wewe, umekaa tena kwenye hilo listuli masaa yote, goti limevimba. Ndiyo nyie msiosikia mkiitwa."

Nilimwona Nahodha anaufunga mdomo vile alivyoufunga miaka tisa, na nikajua kwamba hatasema yeye. Angeweza, kwa maneno matatu. Ila aliniachia mimi.

Akavuta kiti cha wateja, akakifuta kwa kiganja. Halafu akaja nyuma yangu akaniwekea mikono yake miwili mabegani, mizito, na sikujua kama ananishika nisikimbie au nisianguke.

"Fundi, funga mlango," alisema. "Mama, kaa hapa kwanza. Wifi yangu ana neno la kukuambia."